Haut-Katanga: Vijinyoo vya udongoni vyaweza kuokoa mahindi?

Kiwavi jeshi kutoka Amerika alionekana Afrika mwaka 2016, na muda mfupi baadaye akaingia mashamba ya Haut-Katanga. Kutoka Kilwa, kando ya ziwa Moero, hadi Lubumbashi, mahindi yakikosekana unga wa bukari hupanda bei na hutafutwa Zambia.

Wakulima wengi hupuliza dawa za kemikali. Lakini kiwavi hujificha ndani ya moyo wa mhindi, dawa haimfikii vizuri, na anayepuliza bila kujikinga hujidhuru.

Nchini Rwanda, watafiti wa chuo kikuu cha Neuchâtel cha Uswisi, shirika la CABI na taasisi ya kilimo RAB wamejaribu njia nyingine: nematodi, vijinyoo visivyofika milimita moja. Huingia mwilini mwa kiwavi na kuachia bakteria; naye hufa ndani ya siku mbili au tatu.

Tatizo ni jua. Vikipulizwa na maji matupu, hukauka na kufa. Ndiyo maana watafiti walivichanganya na jeli inayoshika unyevu, wakaiweka moyoni mwa mmea. Katika majaribio ya shambani yaliyotangazwa mwaka 2022, dozi moja ilipunguza viwavi kwa karibu nusu. Maji matupu hayakufikia hapo.

Kwa mkulima wa Kilwa, swali ni nani atavizalisha karibu naye, maana ni viumbe hai, havivumilii safari ndefu kwenye joto. Kwa sasa, kukagua shamba mara kwa mara na kuponda mayai na viwavi kwa mkono bado kunasaidia.