Weka Alamisho Leo, Uepuke Linki Feki Kesho

Tarehe 30 Juni ikikaribia, wengi hukumbuka ritani za KRA dakika ya mwisho. Unashika simu, unaandika "itax" kwenye Google, unabonyeza linki ya kwanza. Hapo ndipo matapeli hukungojea. Linki ya juu inaweza kuwa tangazo la kulipiwa, na ukurasa unaofunguka ukafanana kabisa na ule halisi: rangi zile zile, nembo ile ile. Ukishaandika nywila yako au kulipa kwa nambari iliyowekwa pale, pesa imeenda.

Dawa yake ni ya bure: alamisho. Hii ni anwani ya tovuti unayoihifadhi ndani ya brausa, ili siku nyingine uifungue kwa kubonyeza tu, bila kutafuta upya.

Kagua kwanza, ndipo uhifadhi

Alamisho huhifadhi chochote unachoipa. Ukiipa anwani feki, itakupeleka kwa tapeli kila siku. Kwa hivyo kagua ukiwa umetulia.

Tovuti za serikali ya Kenya huishia kwa .go.ke, kama itax.kra.go.ke na ecitizen.go.ke. Ukiacha mikwaju miwili ya baada ya "https:", hakikisha .go.ke iko mwisho kabisa kabla ya mkwaju unaofuata. Ukiona nukta au kistari na maneno mengine baada ya "go.ke", toka. Wala usidanganywe na alama ya kufuli. Inaonyesha tu kwamba mawasiliano yamefichwa njiani. Haikuambii mwenye tovuti ni nani.

Jinsi ya kuhifadhi kwenye Chrome ya Android

1. Andika anwani mwenyewe, ufungue ukurasa wa mwanzo kabla hujaingia kwenye akaunti.
2. Bonyeza vidoti vitatu juu kulia, kisha alama ya nyota.
3. Siku ya kulipa, bonyeza vidoti hivyo tena, uchague Alamisho.

Kwenye kompyuta, bonyeza Ctrl na D kwa pamoja.

Panga, usirundike

Alamisho zikifika hamsini bila mpango, utachoka kutafuta na utarudi Google kule kule. Tengeneza folda moja, uiite "Malipo", uweke humo ushuru, eCitizen, karo na benki. Zipe majina mafupi unayoyaelewa, mfano "KRA ritani". Zile huzitumii tena, futa.

Ukiwa saiba

Kompyuta ya saiba hutumiwa na watu wengi, na yeyote anaweza kuacha alamisho feki pale. Usiziamini. Andika anwani mwenyewe, usikubali brausa ihifadhi nywila yako, na utoke kwenye akaunti ukimaliza.

Hata kwenye tovuti halisi

Ujumbe wa malipo ukitokea kwenye simu yako, soma jina la anayelipwa na kiasi kabla ya kuweka PIN. Na PIN hiyo usiiandike kamwe ndani ya ukurasa wa tovuti, hata ukurasa uwe mzuri namna gani.

Ukiwa na shaka, tuulize kabla hujalipa. Pesa ikishatoka, kuirudisha ni kazi.