Saratani ya tezi dume: Wanaume wa Kanda ya Ziwa wasiachwe nje ya utafiti wa vinasaba

Mzee wa Buzuruga, jijini Mwanza, anayeamka usiku mara nne kwenda haja ndogo, tena mkojo ukitoka kwa kukatikakatika, mara nyingi hujiambia kuwa ni utu uzima tu. Huenda ni tezi iliyotanuka bila saratani. Huenda ni saratani yenyewe, ile inayoongoza kwa wanaume nchini. Wengi hufika hospitali ya Bugando saratani ikiwa imeshasambaa.

Umri ndio kihatarishi kikubwa, kisha ukoo: aliye na baba au kaka aliyeugua, hatari yake huongezeka takriban maradufu. Hapo vinasaba vina mchango, na hapo ndipo penye pengo. Utafiti wa kimataifa wa mwaka 2021 ulichambua wagonjwa 107,247. Wenye asili ya Afrika walikuwa 10,368 tu. Kipimo cha hatari kilichotokana zaidi na damu ya Wazungu hakiwezi kumtabiria Msukuma, Mjita au Mjaluo kwa usahihi uleule.

Ng'ambo ya Ziwa Victoria, Kampala nchini Uganda, ushirikiano wa utafiti umezaa matunda. Daktari bingwa wa mfumo wa mkojo Stephen Watya na wenzake, pamoja na Christopher Haiman wa Chuo Kikuu cha Southern California, Marekani, walilinganisha wagonjwa 571 na wanaume 485 wasio na ugonjwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018. Badiliko moja kwenye kromosomu ya 8, ambalo ni nadra mno kwa Wazungu na Waasia, lilihusishwa na hatari zaidi ya maradufu. Kwa kupima watu wa Ulaya peke yao, lisingegundulika.

Mwanza nayo ina Bugando, chuo kikuu chake cha afya na kituo cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR). Sampuli haziruhusiwi kutoka nchini bila kibali na mkataba, na hilo ni jema. Lakini mkataba wa haki uende mbali zaidi: vijana wetu wafundishwe kuchambua DNA, anayetoa damu aelezwe kwa lugha anayoielewa itatumikaje, na majibu yamrudie.

Wakati huohuo, mwenye miaka 50, au 45 kama kuna mgonjwa katika ukoo, amuulize daktari kuhusu kipimo cha damu cha PSA. Kikiwa juu si lazima iwe saratani. Ni sababu ya kuchunguzwa zaidi, mapema, wakati tiba bado ina nafasi kubwa ya kuponya.