Juu ya watu wa mukono wa kushoto

Katika vijiji vyetu vingi, mutoto akinyoosha mukono wa kushoto kwa kupokea chakula, mama anarudisha sahani nyuma na kumwambia: «Toa mukono muzuri!» Mugeni akitoa kitu kwa kushoto, wakubwa wanaona kama amewatukana. Desturi hiyo ina maana yake, wala hatutaki kuitupa. Lakini katika masomo na katika mafundisho ya dini imezaa matata. Wako watoto ambao mukono wao wa kazi ni ule wa kushoto. Wengine walipigwa kwa ajili yake, wengine wakasadiki kwamba Mungu mwenyewe anauchukia. Basi, inafaa sisi tunaofundisha tulijue jambo hili vema.

Luga zenyewe zinaushitaki mukono wa kushoto. Kwa Kiswahili, kuume ni upande wa mwanaume. Wengine wanasema mukono wa kulia, maana ndio wa kulia chakula. Kwa Kilatini neno sinister lilikuwa la upande wa kushoto, kisha likawa neno la bahati mbaya. Kwa Kifaransa, gauche ni kushoto na ni mutu asiyejua kushika kitu vizuri, lakini droit ni kilichonyoka, tena ni haki. Mwaka 1909 mwalimu Mufaransa, Robert Hertz, aliandika juu ya jambo hili. Alionyesha kwamba mwili unaleta tofauti ndogo tu, lakini watu wameikuza mpaka kuume kukawa upande wa utakatifu na nguvu, na kushoto upande wa uchafu na uchawi.

Mutu atasema: Je, Injili haiweki kondoo kuume na mbuzi kushoto (Mt 25, 33)? Ndiyo. Lakini mbuzi hawahukumiwi kwa sababu ya upande waliosimama. Wanahukumiwa kwa sababu hawakumulisha mwenye njaa. Kuume kwa mufalme palikuwa pahali pa heshima, na mufano unatumia desturi hiyo; juu ya viungo vya mwili hausemi neno.

Tena tusome kitabu cha Waamuzi, sura ya 3. Waisraeli walikuwa wamemutumikia Egloni, mufalme wa Moabu, miaka 18. Ndipo Mungu akawainulia mwokozi, Ehudi, mutu wa mukono wa kushoto. Naye alikuwa wa kabila la Benyamini, na maana ya jina Benyamini ni «mwana wa mukono wa kuume»! Ehudi alifunga upanga wake mufupi kwenye paja la kuume, chini ya nguo. Mutu wa kuume anafunga silaha kushoto, ili aichomoe upesi. Nani angeogopa mukono wa kushoto ukijongea? Egloni akafa, inchi ikapumzika miaka 80. Karibu na mwisho wa kitabu (20, 16) tunaona watu 700 wa kabila hilo hilo, wote wa kushoto, walioweza kulenga unywele kwa kombeo wasikose. Maneno ya Kiebrania yanamwita Ehudi mutu «aliyefungwa» mukono wa kuume, kama vile kilema. Mutakatifu Yeronimo, alipotafsiri kwa Kilatini, alisema kwamba alitumia mikono yote miwili kama ya kuume. Ni sifa, lakini hata hapo mukono wa kushoto unasifiwa kwa jina la mwenzake.

Sababu ya jambo hili iko katika ubongo: upande wake wa kushoto unaongoza mukono wa kuume, na upande wa kuume unaongoza ule wa kushoto. Karibu mutu mumoja kwa 10 ni wa kushoto. Jambo linaanza tumboni mwa mama, maana picha za tumbo zinaonyesha watoto wakinyonya kidole gumba, wengi cha kuume, wachache cha kushoto. Pacha waliofanana kabisa wanaweza kuachana, mumoja kuume na mwenzake kushoto. Hata wazazi wawili wa kushoto, watoto wao wengi ni wa kuume. Laana iko wapi hapo?

Masomo ya Ulaya nayo yalipiga vidole kwa rula na kufunga mukono nyuma ya mugongo. Sababu moja tu ilikuwa ya kweli: anayeandika kwa kushoto anapitisha mukono juu ya wino usiokauka. Huko Uingereza na Marekani, kati ya watu waliozaliwa karibu na mwaka 1900, walioandika kwa kushoto walikuwa kama 3 kwa 100. Walimu walipoacha kulazimisha, wakapita 10. Fimbo ilikuwa imewaficha tu.

Namna gani tutawasaidia? Kwa adabu, mutoto wa kushoto afundishwe kutoa na kupokea kwa mikono miwili. Wazee wetu wanaiona kuwa heshima kubwa zaidi. Ishara ya musalaba aifanye kwa kuume kama wote, maana ni tendo la Eklezya nzima na halihitaji ufundi wa vidole. Kwa Komunyo mukononi, maaskofu wa Marekani wameeleza kwamba mutu wa kushoto anageuza: mukono wa kuume juu, wa kushoto chini, kisha anajilisha kwa ule wa kushoto. Kwa kuandika, mwalimu amwinamishie daftari, sehemu ya juu ielekee kuume, naye ashike kalamu mbali kidogo na ncha, apate kuona anachoandika. Na kwenye benchi akae mwisho wa upande wa kushoto, kiwiko chake kisigongane na cha jirani.