Filta ya pili ya oili kwenye Fuso: inalipa, au inakula hela ya kahawa?

Leo bwana shamba anaandika habari za lori, msishangae. Kahawa ikishaanikwa na kufungwa kwenye magunia bado haijawa hela mpaka ifike Bukoba. Ndizi ikikatwa Muleba halafu gari likalala njiani siku mbili, zinaivia humo humo, na mnunuzi anakukata bei huku unamtazama. Kwa hiyo injini ya Fuso nayo naihesabu kuwa zana ya kilimo.

Kisa chenyewe ni hiki. Upande wa Kamachumu kuna kikundi ninachokihudumia ambacho kina Fuso ya mtumba. Mwaka juzi injini ilifanyiwa ovaholi, na hela yote ilitoka kwenye mauzo ya kahawa. Wapo wazazi waliochelewesha ada za watoto kwa ajili ya pistoni na beringi. Mwaka huu akaja muuzaji na filta ya ziada ya oili, kopo kubwa linalofungwa kwenye chesisi na kuunganishwa na injini kwa mipira miwili. Bei pamoja na kufunga ni shilingi 1,400,000. Akasema oili itakaa mara mbili ya muda wa sasa, na ovaholi mtaisahau.

Wakaniuliza mimi. Nikajibu haraka haraka: nunueni. Diploma yangu ilikuwa na somo la zana za kilimo, nikajiona najua. Mweka hazina, mama mmoja asiyepandisha sauti, akaniuliza, "Waitu bwana shamba, hiyo hela itarudi kwa njia gani?" Sikuwa na jibu, nikaona aibu. Nikaomba wiki tatu, nikasoma, na kila nilipofika Bukoba mjini nikakaa gereji na fundi.

Tuanze na filta uliyonayo. Oili yote inayokwenda kwenye beringi inapita hapo kwanza, kwa hiyo haiwezi kuwa na matundu madogo mno, la sivyo injini itakosa oili asubuhi ikiwa nzito. Kwa kawaida inakamata vizuri uchafu wa maikroni 20 hadi 40. Unywele wa mtu ni kama maikroni 70, yaani hapo tunaongelea vitu usivyoviona kwa jicho. Ndani yake kuna vali ya usalama: filta ikiziba, vali inafunguka na oili inapita bila kuchujwa, maana oili chafu ni afadhali kuliko injini kavu. Ukichelewesha kubadilisha filta hujui ni lini injini ilianza kunywa uchafu.

Filta ya ziada inachukua sehemu ndogo tu ya oili, kama asilimia 5 hadi 10, inaichuja polepole mpaka uchafu wa maikroni chache, kisha inairudisha kwenye sampu, lile karai la chini. Taratibu oili yote inapitishwa humo. Uchafu huo mdogo una madhara kweli, kwa sababu utando wa oili kwenye beringi nao ni mwembamba hivyo hivyo. Mwaka 1988 General Motors ya Marekani walitoa matokeo ya majaribio yao: ukilinganisha na filta ya maikroni 40, filta ya maikroni 30 ilipunguza kulika kwa injini kwa nusu, na ya maikroni 15 kwa asilimia 70. Ila kumbuka injini zile zililishwa vumbi makusudi ili matokeo yaonekane mapema.

Kwa hiyo muuzaji hakudanganya, kifaa kinachuja. Tena malori makubwa mengine yanatoka nacho kiwandani. Volvo yenye injini ya D12 au D13 ina filta tatu za oili, mbili za kawaida na moja ya namna hii. Scania ina kikombe kinachozunguka kwa kasi na kurusha uchafu ukutani, unakifungua unakuta tope gumu jeusi kama lami. Kama una Scania, muulize fundi wako lini mara ya mwisho alikisafisha. Wengine hata hawajui kipo. (Na kuna Wamarekani waliotumia filta ya Frantz, inayochuja kwa roli la karatasi ya chooni. Nilimsomea fundi akacheka mpaka akaweka spana chini. Msijaribu na karatasi za dukani kwetu.)

Sasa swali la mama mweka hazina. Hela ya kifaa hiki inarudi hasa ukiongeza muda wa kukaa na oili. Nilichukua namba kutoka kwenye daftari la kikundi, wewe weka za kwako. Oili lita 14 kwa 9,000 ni 126,000, na filta 25,000, jumla 151,000 kwa kila sevisi. Gari linakwenda kilomita 20,000 kwa mwaka na sevisi ni kila kilomita 5,000, hivyo ni 604,000 kwa mwaka. Ukifunga filta ya ziada na kubadilisha oili kila kilomita 10,000, unaokoa nusu, 302,000. Lakini filta hiyo nayo ina kichujio chake cha 40,000 kila kilomita 5,000, na ukikibadilisha unaongeza lita moja ya oili. Mara nne kwa mwaka ni 196,000. Kinachobaki mfukoni ni 106,000. Gawanya 1,400,000 kwa hiyo: miaka 13. Hiyo Fuso yenyewe sijui kama itakuwepo.

Mwenye lori linalokwenda kilomita 100,000 kwa mwaka, tuseme Bukoba hadi Dar es Salaam na kurudi mara kwa mara, anaokoa mara tano ya hapo, na hela yake inarudi kabla ya miaka mitatu. Huyo simkatazi.

Hata huyo lakini ana sharti. Filta haiondoi dizeli iliyovuja kwenye oili kutoka kwa nozeli mbovu, wala hairudishi dawa zilizochanganywa kiwandani, zile zinazopambana na asidi. Zikiisha zimeisha. Na rangi haikwambii kitu: oili ya dizeli inakuwa nyeusi mapema kwa sababu inabeba masizi, na hiyo ndiyo kazi yake. Kule Idaho, Marekani, maabara ya taifa ilifunga filta hizi kwenye mabasi manane ya dizeli kuanzia 2002, na kweli wakaruka sevisi nyingi. Waliweza kwa sababu walipima sampuli za oili maabara, ndipo wakajua hii inaendelea na hii imwagwe. Mimi hapa Muleba maabara hiyo siioni. Ukiongeza kilomita bila kupima unacheza kamari na injini.

Nikadhani kazi imeisha. Siku ya mwisho tukapeleka Fuso kwa fundi. Hakugusa oili kabisa. Alifungua mpira mkubwa wa hewa unaotoka eya klina kwenda kwenye injini, akaingiza kidole, akakitoa chekundu. Vumbi la barabara zetu za moramu, lile la Juni mpaka Agosti linalopaka migomba ya kando ya njia, lilikuwa upande ambao unatakiwa uwe safi. Kibano cha mpira kilikuwa kimelegea, na kichujio cha hewa kilishapulizwa kwa kompresa mara nyingi mpaka karatasi ikachanika kwenye kona. Utingo ndiye aliyekuwa akikipuliza, kwa nia njema, kila Jumamosi.

Hapo ndipo nilipoelewa ovaholi ya mwaka juzi ilitoka wapi. Vumbi la hewa linaanza na silinda na ringi, linasaga, halafu ndipo linashuka kwenye oili. Filta ya oili, hata iwe nzuri namna gani, inalikuta likiwa limeshafanya uharibifu wake juu.

Jambo jingine fundi alilolisema ni ile mipira miwili. Kwenye rafu za kwetu mpira unasuguana na chesisi, ukipasuka oili inamwagika yote barabarani, na dereva asipoiona taa haraka injini imekwama. Ukifunga, mipira iwe ya presha, ifungwe mbali na chuma, na ikaguliwe kila gari linapopakiwa.

Nikarudi kikundini nikasema mbele ya watu wote kwamba nilikosea. Wakanunua kichujio kipya cha hewa, vibano viwili na mpira, na oili ya dizeli ya daraja linaloandikwa kwenye kitabu cha gari, kutoka duka linalotoa risiti. Haikufika hata robo ya ile 1,400,000. Utingo sasa hapulizi, anapangusa nyumba ya kichujio kwa kitambaa na kuandika tarehe.

Muuzaji alipiga simu wiki iliyopita. Mama mweka hazina alimwambia arudi siku tutakapokuwa na gari la kwenda Dar, aje na bei ya kichujio na ya kupima sampuli, zote kwenye karatasi moja.

Wiki ijayo tunarudi kwenye mnyauko wa migomba, maana simu ni nyingi.