Taichi: Je, inaweza kukukinga na mshambulizi?

HUENDA umewaona kwenye runinga wazee wa Kichina wakifanya mazoezi ya taichi bustanini, wakiinua mikono polepole kana kwamba wamo majini. Je, mtu anaweza kujikinga na mshambulizi kwa mazoezi kama haya?

Taichi ilianza kama sanaa ya kupigana. Katika kijiji cha Chenjiagou, mkoa wa Henan nchini China, ukoo wa Chen uliifunza tangu karne ya 17. Miondoko 24 inayofahamika sana siku hizi ilitungwa mwaka wa 1956 kwa ajili ya afya ya umma. Kwa hivyo, anayejua hiyo pekee bado hajafunzwa kujikinga.

Hatua inayofuata ni kusukumana mikono. Wewe na mwenzako husimama mkitazamana, kila mmoja ametanguliza mguu mmoja, mikono ikigusana. Akikusukuma, usishindane naye. Hamishia uzito wako kwenye mguu wa nyuma, kisha geuza kiuno ili nguvu zake zipite kando. Wahenga walisema mwenye nguvu mpishe. Atapepesuka kama mtu aliyeegemea mlango ukafunguliwa ghafla, na hapo ndipo unapomsukuma.

Mwanzoni nyayo hazibanduki. Baadaye mnasukumana mkitembea, na mwishowe kila mmoja husukuma apendavyo bila mpango.

Chunga magoti yako. Goti lielekee upande vinavyoelekea vidole vya mguu, wala lisivipite. Likianza kuuma, usichuchumae sana. Ikiwa una mimba, mifupa dhaifu au kizunguzungu, muone daktari kabla ya kuanza kusukumana.

Hata hivyo, usijidanganye. Mwaka wa 2017, mjini Chengdu nchini China, mpiganaji Xu Xiaodong alipambana na Wei Lei, mwalimu wa taichi. Mwalimu huyo alikuwa chini katika muda usiozidi nusu dakika. Kusukumana na rafiki si sawa na kukabili ngumi. Anayetaka kupigana hana budi kuzoea pia mapigo ya kweli, chini ya mwalimu na akiwa na vifaa vya kujikinga. Na ukikutana na mwizi mwenye kisu, mpe mkoba ujiendee zako. Mkoba hununuliwa, uhai haununuliwi.

Je, basi mazoezi haya ni bure? La, hasha. Kuna hatari nyingine inayowapata watu wengi, hasa wakongwe, nayo ni kuanguka. Mtu mzima akivunjika nyonga, huenda asitembee tena kama zamani.

Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka wa 2018 uliwahusisha watu 670 wenye umri wa miaka 70 na zaidi, waliokuwa katika hatari ya kuanguka. Waliofanya taichi mara mbili kwa wiki, kwa wiki 24, walianguka kwa kiwango cha chini kwa asilimia 58 kuliko waliofanya mazoezi ya kunyoosha viungo.

Siri ni ile ile ya kusukumana: kujua uzito wako uko mguu gani, na kuuhamisha kabla hujapepesuka. Ukijikwaa kwenye ngazi au kusukumwa kituoni watu wanapong'ang'ania matatu, ujuzi huo ndio utakaokufanya ubaki wima.