Kinywa cha Mgonjwa Anayetunzwa Nyumbani

Katika Mkoa wa Katavi, uliomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012, mtu mzima aliyepooza kwa kiharusi au aliyepotewa na kumbukumbu kwa uzee kwa kawaida hutunzwa nyumbani, iwe ni Mpanda mjini, Inyonga au Mishamo, ambako wamezeekea baadhi ya watu walioikimbia Burundi kufuatia mauaji ya mwaka 1972. Mgonjwa huyo huogeshwa, hugeuzwa ubavu asipate vidonda na hulishwa kwa subira, lakini kinywa chake mara nyingi husahaulika.

Juu ya meno hujengeka ukoga, yaani utando laini wa bakteria wanaokula sukari na kutoa asidi. Mate huizimua asidi hiyo, lakini baadhi ya dawa za shinikizo la damu na za magonjwa ya akili hupunguza mate, na uzee nao hurudisha fizi nyuma hata mizizi ya meno, iliyo laini kuliko sehemu ya juu, ikabaki wazi. Uji wenye sukari, au wenye asali ambayo Katavi imejaliwa kuwa nayo, unaponywewa kidogo kidogo kutwa nzima, huwapa bakteria hao chakula bila kukoma.

Hatari kubwa zaidi iko kifuani. Mtu anayemeza kwa shida hupaliwa, wakati mwingine bila hata kukohoa, na mate yenye bakteria huteremka mapafuni na kusababisha nimonia. Utafiti uliofanywa katika makao ya wazee nchini Japani na kuchapishwa mwaka 2002 ulionyesha kwamba nimonia iliwapata asilimia 19 ya wazee wasiosafishwa kinywa kwa utaratibu maalumu, na asilimia 11 tu ya waliosafishwa. Kifaa kikuu cha usafishaji huo kilikuwa mswaki, unaouzwa katika kila duka la mtaani.

Wakati wa kusafishwa kinywa, mgonjwa huketishwa wima, kidevu kikiinama kidogo, naye mtunzaji husimama ubavuni na kutumia mswaki laini wenye dawa ya meno yenye floraidi, kiasi kidogo tu kisichotoa povu jingi. Upande uliopooza ndio wa kukaguliwa kwanza, kwa sababu chakula hubaki kati ya shavu na fizi bila mgonjwa kuhisi; ugali wa mchana huweza kukutwa humo usiku. Meno ya bandia huvuliwa kabla ya kulala na kusuguliwa. Asiye na meno hupanguswa fizi na ulimi kwa shashi yenye unyevu. Mkwe au binti anayeona haya kukifungua kinywa cha mzazi anastahili kueleweka, kwani haya hizo ni za heshima, ila heshima iyo hiyo ndiyo inayodai kazi hii ifanyike.

Mgonjwa asiyeweza kusema kwamba jino linamuuma huonyesha kwa kugeuza uso kijiko kinapomkaribia. Afikishwe kwa daktari wa kinywa na meno kabla ya watu kusema ni uzee.