Kazi ya Nyumbani ni ya Pesa Ngapi?

Mama akiulizwa kazi yake, mara nyingi husema, "Niko tu nyumbani." Hebu tupime tuone.

Chukueni daftari, mwandike kwa siku 7. Upande wa kwanza ni pesa: mayai, mboga, kibarua. Toeni gharama, kama chakula cha kuku na nauli. Kinachobaki ndicho pato. Upande wa pili ni kazi isiyolipwa: maji, kuni, kupika, kulea watoto na wagonjwa. Tuseme mtungi wa maji huuzwa shilingi 10 hapo kwenu. Anayechota mitungi 6 kila siku ameiokolea nyumba yake shilingi 420 kwa wiki. Lakini mkipanga mkopo, hesabuni upande wa kwanza peke yake, maana deni hulipwa kwa pesa taslimu.

Uchunguzi wa serikali wa mwaka 2021 ulionyesha kwamba wanawake wa Kenya hutumia karibu mara 5 ya muda wa wanaume katika kazi za nyumbani zisizolipwa. Tena Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inahesabu kazi ya nyumbani, malezi na kazi ya shamba kuwa mchango katika mali hiyo. Kwa hivyo daftari litunzwe. Akina baba nao waandike saa zao, kisha tujadiliane: ni kazi gani tutasaidiana?